Piano haina kabila



Katika mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Lubumbashi, maneno mawili yalisemwa, na yote mawili yalipigiwa makofi. Neno la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja tunayemheshimu sana. Kijana wetu alikuwa amefungua mkutano kwa kupiga kipande kidogo cha Bach kwenye piano ya zamani iliyoko katika sale. Mzee akasimama, akasema: « Hii kintu ni ya bazungu. Balikuya nayo pamoja na fimbo. Muntu anaacha mila ni mutumwa. » Neno la pili lilitoka kwa kiongozi wa korale, mtu mwenye diplome. Yeye akasema: « Kisanji haina solfeji. Kama haina solfeji, haiko muziki. Ni makelele ya kufurahisha bazee. » Na watu walewale waliompigia mzee makofi wakampigia na huyu pia!

Tulirudi nyumbani na hasira, na ni hasira ile imetufanya tuandike. Maana kisha maneno hayo komite imeleta mapendekezo mawili, na yatapigiwa kura. La kwanza: siku ya sherehe ya mila, muziki wote wa klasiki ukatazwe. La pili: mfuko wa michango yetu ununue sinteza mpya, yenye midundo tayari ndani yake, ili vijana wafanye « folklore ya kisasa ». Sisi tunasema hapana kwa la kwanza, na hapana kwa la pili. Na tutaonyesha kwa nini hapana hizi mbili ni hapana moja.

Tuanze na mtu. Kuko mpiga piano wa kwetu Kongo anaitwa Ray Lema. Alizaliwa mwaka 1946 huko Lufu-Toto, Bas-Congo, sehemu inayoitwa leo Kongo-Central. Alikuwa na miaka 11 tu alipoingia seminari ndogo, maana alitaka kuwa padri. Mapadri wakaona sikio lake, wakamkalisha kwenye organi. Huko ndiko vidole vyake vilipata walimu wa kwanza: nyimbo za Gregori, Bach, Mozart, Chopin. Na aliposimama mara ya kwanza mbele ya watu kama mpiga piano, alipiga sonata ya Beethoven, ile wanayoiita ya mwanga wa mwezi.

Sasa tunamuuliza mzee wetu kwa heshima yote: kama neno lako ni kweli, mtoto huyu alipaswa kupotea kabisa. Alipewa klasiki akiwa mdogo, tena mikononi mwa mapadri, tena wakati wa ukoloni. Dawa yote ya utumwa aliinywa. Je, alipotea?

Upadri aliuacha. Iniversite alianza kemia, nayo akaiacha. Akaingia usiku wa Kinshasa, akasindikiza waimbaji wakubwa kama Tabu Ley na Abeti. Halafu, mwaka 1974, akawekwa kuwa mkurugenzi wa muziki wa Balle ya Taifa ya Zaire. Kazi ile haikuwa ya kukaa ofisini. Ilibidi azunguke inchi, aende kwa mafundi wa vijijini, awasikilize, awachague, awakusanye watu wa makabila mbalimbali ambao hawakuwahi kupiga ngoma moja pamoja. Na pale mtu wa Bach akarudi darasani. Alikuwa anajua kusoma nota, lakini mbele ya fundi wa ngoma alikuwa mtoto anayejifunza kutembea. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo wasomi wetu hawapendi kuisema. Wanapenda kusema: « Alienda Marekani! » Ndiyo, alienda mwaka 1979 kwa mwaliko wa Rockefeller Foundation, na kisha akakaa Ufaransa. Lakini kabla ya ndege kulikuwa na kijiji.

Basi, ladha yake ya klasiki haikufa. Ilikutana na kitu kingine, na katika kukutana kule alipata namna yake ya kutunga.

Namna hiyo ni ipi? Ray Lema mwenyewe ameieleza mara nyingi kwa neno moja: gurudumu. Muziki wa kwetu, anasema, unazunguka. Kila mpigaji ana kipande chake kifupi, anakirudia, na kazi yake kubwa ni kujua nafasi yake kati ya wengine. Hapa tuombe ruhusa ya kufundisha kidogo, maana kiongozi wa korale anasema hakuna elimu ndani ya kisanji.

Ndugu msomaji, hesabu mapigo madogo 12. Mtu wa kwanza apige kila mapigo matatu: atapiga mara 4. Mtu wa pili apige kila mapigo manne: atapiga mara 3. Wakianza pamoja, watakutana mara moja tu katika mzunguko muzima, pale mwanzoni. Sasa weka mtu wa tatu na kengele, ambaye hamfuati huyu wala yule. Je, wimbo unaanzia wapi? Inategemea umesimama karibu na nani! Mcheza dansi anaweza kumfuata wa kwanza kwa miguu na wa pili kwa mabega. Hii ni hesabu, tena hesabu ngumu, na wazee wetu waliifanya bila ubao na bila chaki. Mpiga kisanji anaifanya peke yake kwa vidole gumba viwili: kimoja kinauliza, kingine kinajibu, na katikati unasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinaupiga.

Sasa mpe mtu kama huyu piano. Mkono wa kushoto unakuwa mpigaji mmoja, mkono wa kuume unakuwa wapigaji wawili. Kwa sisi, hiyo ndiyo siri ya mtungaji kama Lema: swali lake la kwanza si « akodi gani niweke chini ya melodi? » Swali lake ni « nani anaingia wapi? » Akodi zinakuja nyuma, kama watu wanaofika kwenye kilio wakikuta kazi zimekwisha kugawanywa.

Na hapa ndipo Bach anarudi mlangoni. Fuga ya Bach ni nini? Sauti moja inaingia peke yake na wimbo wake. Sauti ya pili inaingia na wimbo uleule, mahali pengine, wakati ya kwanza haijanyamaza. Halafu ya tatu. Hakuna mkubwa na hakuna kibarua. Kila sauti ina njia yake, na uzuri uko katika kupishana. Kijana aliyekaa miaka na Bach amezoeza sikio lake kusikia watu watatu wakisema kwa wakati mmoja bila kugombana. Unashangaa kwamba sikio hilo lilielewa ngoma? Sisi hatushangai. Hatusemi fuga na ngoma ni kitu kimoja. Fuga inasafiri na kufika mwisho, ngoma inazunguka na kubaki. Lakini sikio linalotakiwa ni ndugu.

Tena mzee wetu ajue kitu kimoja. Hizo nyimbo za Bach anazoziogopa, nyingi zina majina ya dansi: almande, kuranti, sarabande, zhigi. Chopin aliandika mazurka zaidi ya 50, na mazurka ni dansi ya wanakijiji wa Poland. Alikuwa akikaa Paris, mbali na kwao, na kutoka mbali kule alikuwa akitunga dansi ya kijiji. Kwa hiyo muziki tunaouita wa bazungu, wa koti na tai, una udongo chini ya kucha. Tulionyeshwa koti tu; udongo tulifichwa.

Mzee atatujibu, na tuko tunasikia jibu lake kabla hajalisema: « Lakini bamisionere balikataza ngoma! » Ni kweli, mzee. Sehemu nyingi walikataza ngoma, wakaita mambo yetu ya shetani, na harmonium ikaingia kwa mlango ambao ngoma ilitolewa. Hatufuti hayo. Lakini gitaa nayo ilikuja na nani? Mwenda wa Bayeke wa Jadotville, leo Likasi, alichukua gitaa ya bazungu, na mwaka 1952 Hugh Tracey akarekodi « Masanga » yake. Nani kati yetu anathubutu kusema Mwenda alikuwa mtumwa? Vidole vyake kwenye nyuzi vilikuwa vinafanya kazi ya vidole gumba vya kisanji: hiki kinauliza, kile kinajibu. Na likembe, ile ya sanduku, ambayo leo tunaita mila safi? Wataalamu wameonyesha kwamba ilisafiri kutoka upande wa chini wa mto na wapagazi, wafanyakazi na maboyi wa wakati wa Léopold, ikafika mahali ambapo haikujulikana. Mila yetu nayo ilipanda mashua. Kama tutafukuza kila kitu kilichokuja kwa njia mbaya, tutabaki na mikono mitupu, na mkono mtupu haulambwi.

Basi tumemaliza na neno la kwanza. Tugeukie la pili, maana kwa sisi ndilo hatari zaidi. Linasemwa na watu waliosoma, yaani watu kama sisi.

Kiongozi wa korale anasema hakuna solfeji, kwa hiyo hakuna muziki. Bwana, karatasi ikishindwa kuandika kitu, kosa ni la karatasi. Mtu mmoja wa Hungaria aliitwa Béla Bartók, mpiga piano mkubwa na mtungaji wa klasiki. Kuanzia mwaka 1905 na 1906, yeye na mwenzake Kodály walizunguka vijiji vya kwao wakirekodi nyimbo za wakulima kwa fonografu. Bartók alifika mpaka kwa Waromania na Waslovakia. Mwaka 1913 alifika Biskra huko Algeria, na mwaka 1936 Uturuki. Aliandika nyimbo zile kwa uangalifu mpaka mtetemo mdogo wa koo. Nota za kawaida hazikutosha, akaongeza alama. Hakusema « hawana solfeji ». Alisema, kwa matendo yake, kwamba ni yeye asiyejua bado.

Na Bartók ameacha fundisho ambalo tungependa liandikwe ukutani katika kila sale ya korale. Alieleza kwamba kuko njia tatu za kutumia wimbo wa kijiji. Ya kwanza, unachukua melodi yenyewe na kuivalisha nguo. Ya pili, unatunga melodi yako kwa kufuata mfano wa ile. Ya tatu, huchukui melodi wala huigi, lakini umeishi na muziki ule mpaka umekuwa luga yako ya mama, na unatunga ndani yake kama unavyosema.

Sasa tujiulize bila kudanganyana: korale zetu ziko njia gani? Ziko paka njia ya kwanza, tena kwa mguu mmoja. Tunachukua wimbo wa Kiluba au wa Kibemba, tunaunyoosha uingie katika mapigo manne ya soldat, tunaweka akodi tatu chini, tunaongeza ngoma kidogo ili bageni wafurahi, na tunaita hiyo « kuinua mila ». Hatujainua kitu. Tumekata miguu ya mtu ili aingie katika kitanda.

Na haikuwa lazima iwe hivi, maana hapa kwetu Katanga tuliwahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1958, huko Kamina, korale iliyoundwa na Padri Guido Haazen iliimba Missa Luba mara ya kwanza. Dunia nzima ikaijua. Mwaka 1968 sauti zake zikaingia mpaka katika filamu ya Uingereza iliyoitwa « If.... ». Lakini tujue ilitungwa namna gani: sehemu kubwa waimbaji wenyewe waliitunga palepale wakiimba, kwa namna ya nyimbo za kwao. Na nani anajulikana? Padri. Majina ya wale walioitunga kwa koo zao, nani anaweza kuyataja leo? Hapa hapa Elisabethville tulikuwa na Joseph Kiwele (1912–1961), mpiga organi na mwalimu, mtunzi wa Misa ya Katanga. Watu wanamkumbuka juu ya wimbo wa taifa la Katanga wa mwaka 1960, na siasa ile imefunika muziki wake. Vijana wangapi wa korale zetu wamewahi kufungua nota zake? Wanaosema hatuna klasiki yetu, hawajafungua kabati yetu.

Turudi kwa Lema, tuone njia ya tatu inazaa nini. Mwaka 1992 alitoa sahani pamoja na waimbaji wa Bulgaria na Profesa Stefanov. Mwaka 1998 alitoa « The Dream of the Gazelle » pamoja na orkestra ya Sundsvall, Uswidi. Mwaka 2000 alikuwa na Wagnaoua wa Moroko katika « Safi ». Mwaka 2004, « Mizila »: yeye na piano tu, peke yao. Mwaka 2009 alipiga Brazili na Jazz Sinfônica ya São Paulo. Na mwaka 2020, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alitoa sahani nzima ya kumheshimu Franco. Mtu aliyeanza na Beethoven amefika kwa Luambo Makiadi, na hakulazimika kumkana mmoja ili ampende mwingine. Tuseme ukweli pia: sahani zake ni ngumu kuzipata hapa, amekaa Ulaya kwa miaka mingi, na watoto wa Katuba hawamjui. Hilo ni jeraha. Lakini si kosa la klasiki. Ni kosa letu sisi ambao hatukujenga nyumba ambamo mtu wa namna hiyo angekaa.

Na sasa tuingie katika jambo linalotuuma.

Kulikuwa na mzee wa kisanji huko Katuba. Kila mwaka tulimwita kwenye sherehe yetu. Tulimpa kiti cha mbele, sukari moja na pesa ya taksi. Alipiga dakika kumi, tukamkata kwa sababu mheshimiwa alitaka kuhutubia. Amefariki. Kisanji chake kiko nyumbani kwake, vibati vimelegea, na hakuna mtu anayejua kuvirudisha mahali pa sauti zake, maana namna ya kuvipanga ilikuwa kichwani mwake na masikioni mwake tu. Hakuna kijana wetu hata mmoja aliyekaa naye miezi mitatu. Hakuna aliyemrekodi hata kwa telefone. Sauti za wazee wengine wa inchi yetu ziko Tervuren na Makhanda (zamani Grahamstown); za mzee huyu haziko popote. Nani alimuua mara ya pili? Bach? Hapana. Ni makofi yetu. Tulimpigia makofi badala ya kujifunza.

Ndiyo maana tunakataa sinteza. Hatukatai umeme. Tunakataa kifaa ambacho unabonyeza kidude kimoja na « Afrika » inatoka, mapigo manne sawasawa, bila mtu. Gurudumu la wazee liliwataka watu watatu wanaosikilizana. Sinteza ile haimtaki hata mmoja. Na pesa ile ya kununua mashine ingeweza kulipa wazee wawili, kila juma, mwaka muzima. Ndiyo maana tunasema pia hapana zetu mbili ni moja: anayekataza piano na anayenunua midundo ya mashine wanakimbia kazi ileile, kazi ya kukaa chini na kujifunza polepole, kwa Bach na kwa mzee.

Tunaomba, basi, mkutano upige kura kwa mambo haya:

Moja: hakuna muziki utakaokatazwa katika sherehe ya mila. Lakini mpiga piano atakayepanda jukwaani aonyeshe kwanza alikaa kwa fundi gani wa kwetu.

Mbili: mfuko wa michango uwalipe wazee wawili, mmoja wa kisanji na mmoja wa ngoma, wafundishe vijana wetu na walimu wa korale. Ndiyo, walimu pia, pamoja na diplome zao.

Tatu: kila mzee arekodiwe, jina lake liandikwe kamili, na namna anavyopanga sauti za chombo chake iandikwe na kupigwa picha. Nakala ibaki kwa familia yake.

Ine: kila wimbo wa kijiji ukiimbwa na korale, itajwe ulitoka kwa nani. « Folklore » si jina la mtu.

Yule kijana aliyepiga Bach siku ile alitufuata nje kisha mkutano. Alikuwa anatetemeka. Akatuuliza: « Sasa bapapa, niache piano? » Tulimjibu: usiache. Lakini kesho asubuhi, kabla ya kufungua kitabu chako, twende kwa mzee mmoja wa Kenya, yule wa mwisho tunayemjua mwenye kisanji. Ana zaidi ya miaka 80, na anakohoa sana. Tulienda. Anaenda mpaka leo, mara mbili kwa juma, kwa pesa ya mfuko wetu wenyewe. Bado hajui kupiga kipande hata kimoja sawasawa, na mzee anamcheka.

Kura ni ya wote. Sisi tumesema yetu. Mwenye neno la kutupinga aliandike katika kijitabu kijacho, tutalisoma. Lakini aliandike haraka, maana mzee hatungoji.